Alessandro Volta, Mtaalamu wa Umeme na Mwalimu wa Katekisimu

Kaskazini ya nchi ya Italia, chini ya milima mirefu yenye theluji, pana ziwa liitwalo Como, na kandokando yake mji wenye jina lilo hilo. Katika mji huo watoto wa parokia ya San Donnino walipata kufundishwa katekisimu na mtu ambaye watawala walimheshimu, na ambaye wenye elimu wa Ulaya nzima walimwandikia barua. Mtu huyo ndiye Alessandro Volta. Jina lake lingali linatajwa kila siku ulimwenguni, maana msukumo wa umeme hupimwa kwa volti.

Wako watu wasemao kwamba dini ni kwa ajili ya wasiosoma tu, na kwamba mtu akiisha kupata elimu huiacha kama nguo iliyombana. Maisha ya Volta yawajibu watu hao.

MTOTO ALIYEDHANIWA BUBU

Alessandro alizaliwa tarehe 18 Februari 1745. Baba yake, Filippo, alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja katika shirika la Wayezuiti kabla ya kutoka na kuoa. Mama yake aliitwa Maddalena. Katika jamaa ile walikuwamo mapadri wengi, na nyumbani sala haikukosekana.

Lakini mtoto huyu aliwatia wazazi wake huzuni. Alitimiza mwaka wa pili, hakusema. Akatimiza wa tatu, akanyamaza vile vile. Watu wakadhani kwamba ni bubu. Alipofika mwaka wa nne ndipo ulimi wake ulipofunguka, na baada ya hapo akawapita wenzake wote kwa akili. Alipokuwa na miaka kama saba, baba yake akafa. Ndugu za baba, waliokuwa makasisi, wakamtunza na kumtia katika shule ya Wayezuiti pale Como.

Mwalimu mmoja alitaka kumvuta aingie shirika lao. Jamaa yake ilitaka awe mwanasheria. Yeye hakufuata njia hii wala ile. Moyo wake ulivutwa na kazi za Mungu katika viumbe, na zaidi ya yote na umeme. Hakusoma katika chuo kikuu hata siku moja. Rafiki yake Gattoni, aliyekuwa kasisi, alimruhusu kutumia vyombo vyake, na Volta akajifundisha kwa kusoma, kwa kujaribu na kwa kuandika barua kwa mabingwa. Wawili miongoni mwa mabingwa hao walikuwa watu wa Eklezya: Nollet wa Ufaransa, aliyekuwa shemasi, na Beccaria wa Torino, aliyekuwa padri.

CHAJI ZA NAMNA MBILI

Watu wa kale walijua kwamba kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe, ikisuguliwa kwa sufu huvuta manyoya na nyuzi. Jambo hilo kila mtu aweza kuliona kwake. Wakati wa kiangazi, kitana cha plastiki kikipitishwa mara nyingi katika nywele kavu, huvuta vipande vidogo vya karatasi.

Mwaka 1733 Mfaransa aitwaye Du Fay alionyesha kwamba umeme ni wa namna mbili. Kioo kilichosuguliwa kwa hariri hupata namna moja. Kaharabu iliyosuguliwa kwa sufu hupata namna nyingine. Vitu viwili vyenye namna ile ile hukimbiana. Vitu vyenye namna mbalimbali hutafutana. Baadaye Franklin wa Marekani aliufananisha umeme na kitu kimoja ambacho huzidi mahali hapa na kupungua mahali pale, na kutokana na fikira hiyo yalikuja majina ya chaji chanya na chaji hasi. Majina haya hayana maana ya wema na ubaya. Chaji chanya si takatifu, na chaji hasi si ya Shetani. Zote mbili zimeumbwa na Mungu, na dunia haiwezi kusimama pasipo zote mbili.

Kwa maana kila kitu, jiwe, mti, maji, hata mwili wa mtu, kimejaa chaji za namna zote mbili. Zinapokuwa sawasawa, nguvu ya hizi hufutwa na nguvu ya zile, wala mtu haoni kitu. Anayesugua kitana haumbi umeme. Anatenga tu vilivyokuwa pamoja. Na vilivyotengwa havitulii mpaka virudiane.

Mwaka 1785 Mfaransa Coulomb alipima nguvu hiyo kwa mizani nyepesi sana. Aliona kwamba chaji zikikaribiana, nguvu huzidi kwa haraka. Zikiachana, hupungua kwa haraka. Umbali ukiongezwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Ukiongezwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa.

SAHANI YA VOLTA

Mwaka 1775 Volta alitangaza chombo kilichoonyesha wazi tabia hizo za chaji. Mswidi Wilcke alikuwa ametengeneza cha kufanana nacho mwaka 1762, lakini Volta ndiye aliyekikamilisha na kukieneza.

Kilikuwa hivi. Volta aliyeyusha utomvu akaugandisha kama mkate mwembamba. Akausugua, nao ukapata chaji hasi. Juu yake akaweka sahani ya madini yenye mshikio usiopitisha umeme. Chaji hasi za mkate zikazivuta chaji chanya za sahani zishuke upande wa chini, na kuzisukuma chaji hasi za sahani zipande upande wa juu. Ndipo Volta alipoigusa sahani kwa kidole. Zile chaji hasi zilizokuwa zikikimbia zikapata njia, zikapita katika mwili wake kwenda ardhini. Akaondoa kidole, akainua sahani. Kumbe, sahani ilibaki na chaji chanya, nayo ikatoa cheche.

La ajabu ni kwamba mkate haukupunguka. Aliweza kuirudisha sahani, kuigusa na kuiinua mara nyingi bila kusugua tena. Lakini haikuwa kazi ya bure: kila mara mkono ulitumia nguvu kuzitenganisha chaji zinazotafutana, na nguvu hiyo ya mkono ndiyo iliyorudi kwa sura ya cheche.

Sifa zake zikaenea. Mwaka 1776, katika matope ya Ziwa Maggiore, alikusanya hewa inayowaka moto, ambayo leo huitwa metani. Mwaka 1778 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo kikuu cha Pavia, yeye ambaye hakuwa amesoma chuo kikuu.

RADI SI SILAHA YA MCHAWI

Volta alipima pia umeme wa hewani. Jambo hili lawahusu sana watu wa mashariki ya Kongo, maana nchi hiyo ni miongoni mwa sehemu za dunia zipigwazo na radi mara nyingi kuliko zote.

Linalotendeka katika sahani ile hutendeka pia angani, kwa ukubwa wa kutisha. Ndani ya wingu la mvua kubwa, pepo kali hugonganisha chembe za barafu, na chaji hutengana. Mara nyingi chanya hupanda juu ya wingu, na hasi hukusanyika chini yake. Hizo hasi husukuma hasi za ardhi ziende mbali, hata nchi iliyo chini ya wingu hubaki na chaji chanya. Hewa huzizuia zisikutane. Lakini mvuto ukizidi nguvu ya hewa, chaji hupasua njia kwa ghafula: mwangaza huonekana na ngurumo husikika. Vitu virefu, kama mti uliosimama peke yake, huwa njia rahisi. Kwa hiyo asikimbilie mtu chini yake wakati wa mvua ya radi.

Basi radi haitumwi na jirani mwenye kijicho, wala hainunuliwi kwa mganga. Wangapi wamesingiziwa, wakapigwa na kufukuzwa vijijini mwao, hata wengine wakauawa, kwa sababu radi ilianguka nyumbani mwa mtu? Mwenye kumsingizia mwenzake hivyo amevunja amri ya Mungu, naye amekosa pia mbele ya akili ambayo Mungu huyo huyo alimpa.

MGUU WA CHURA

Katika mji wa Bologna aliishi mganga mwenye elimu jina lake Luigi Galvani, mtu mcha Mungu, wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Galvani aliona kwamba mguu wa chura aliyekufa, ukiguswa kwa madini ya namna mbili yaliyoungana, huruka kama ungali hai. Mwaka 1791 akatangaza kwamba mwili wa mnyama una umeme wake wenyewe.

Volta akajaribu jambo hilo kwa mikono yake. Kwanza alikubali, akamsifu sana Galvani. Baadaye akaanza kuwaza. Kwa nini mguu waruka vizuri zaidi madini yakiwa mawili mbalimbali? Akaweka bati na sarafu ya fedha kwenye ulimi wake, akazigusisha, akaonja uchachu. Akasema kwamba umeme watoka katika madini, na mguu wa chura ni kipimo tu kinachouonyesha.

Wenye elimu wakagawanyika makundi mawili, wengine wa Volta, wengine wa Galvani. Mwaka 1794 ikaonyeshwa upande wa Galvani kwamba mguu waweza kuruka bila madini yoyote, mshipa wa fahamu ukigusa mnofu. Mabishano yakawa makali, lakini wakuu hao wawili waliendelea kuheshimiana. Kila mmoja alijibu kwa kazi ya mikono yake, si kwa matusi.

Galvani hakuona mwisho wa mabishano. Mwaka 1798 serikali mpya iliyoletwa na majeshi ya Wafaransa ilidai walimu wote waape kiapo. Galvani aliona kiapo hicho chapingana na imani yake, akakataa, akanyang'anywa kazi yake. Alikufa tarehe 4 Desemba mwaka ule ule.

Leo yajulikana kwamba kila mmoja alishika sehemu ya ukweli. Ni kweli kwamba madini mawili mbalimbali pamoja na maji ya chumvi huleta umeme, kama alivyosema Volta. Ni kweli pia kwamba mishipa na minofu ya viumbe hai ina umeme wake, kama alivyosema Galvani. Hata moyo wa mtu hupiga kwa umeme mdogo sana. Yeyote asiyetaka kumsikiliza mpinzani wake huenda akaikosa nusu ya ukweli.

RUNDO LA MADINI

Mwishoni mwa mwaka 1799 Volta alitengeneza chombo kilicholitukuza jina lake. Alichukua visahani vya fedha au vya shaba, na visahani vya zinki, na vipande vya kitambaa au karatasi nene vilivyolowanishwa kwa maji ya chumvi. Akavipanga kwa zamu: shaba, zinki, kitambaa, shaba, zinki, kitambaa, mpaka rundo likawa refu kama mnara mdogo. Aligusa chini kwa mkono mmoja wenye maji na juu kwa mkono wa pili, akatetemeshwa. Akagusa tena, akatetemeshwa tena. Rundo halikuchoka.

Vyombo vya zamani vilitoa cheche moja na kubaki vitupu. Rundo hili lilitoa umeme unaotiririka kama maji ya kijito. Tarehe 20 Machi 1800 Volta aliandika habari zake kwa shirika la wenye elimu la London. Alilifananisha na samaki wa baharini atetemeshaye mkono wa mvuvi. Na mito ya Kongo inaye samaki wa namna hiyo, ambaye wavuvi wamemjua na kumwogopa tangu zamani. Madini yenyewe nayo si mageni Kongo: shaba na zinki hupatikana pamoja katika mgodi wa Kipushi, huko Katanga.

Je, umeme huo hutembeaje? Zinki huliwa polepole ndani ya maji ya chumvi. Chembe zake huingia majini zikichukua chaji chanya, na kuacha nyuma chembe ndogo mno zenye chaji hasi, ziitwazo elektroni. Elektroni hizo hurundikana upande wa zinki na kusukumana, zikitaka kwenda upande wa shaba. Waya ukiunganisha ncha mbili za rundo, elektroni huupitia waya kutoka upande wa hasi kwenda upande wa chanya. Ndani ya maji ya chumvi mambo ni mengine: humo chembe chanya na chembe hasi zote hutembea, hizi zikienda huku na zile kule. Hivyo njia yote hufungwa kama duara. Waya ukikatwa mahali pamoja tu, mwendo wote husimama.

Volta mwenyewe hakuyajua hayo yote. Alidhani kwamba kugusana kwa madini peke yake kwatosha. Hakutambua kwamba kuliwa kwa zinki ndiko kunakolipa gharama ya kazi ile. Na elektroni ziligunduliwa na Mwingereza Thomson mwaka 1897, Volta akiwa amekufa zamani. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea kusema kwamba mkondo wa umeme watoka kwenye chanya kwenda kwenye hasi, nao waendelea kusema hivyo mpaka leo, ingawa katika waya elektroni huenda kinyume. Hata mabingwa hujifunza hatua kwa hatua.

Yeyote ashikaye tochi ameshika kazi ya Volta. Mawe ya tochi ni wana wa rundo lile: ndani yake mna zinki, mna umajimaji, na kila moja lina msukumo wa volti moja na nusu.

HESHIMA NA HUZUNI

Mwezi wa Novemba 1801 Volta aliitwa Paris. Napoleon, aliyekuwa mtawala wa Ufaransa, aliketi akatazama majaribio yake, na baadaye Volta akapewa nishani ya dhahabu. Mwaka 1810 akapewa cheo cha konte. Lakini yeye alipenda kurudi kwao Como, kwa mke wake Teresa, aliyemwoa mwaka 1794, na wana wao watatu. Huko alikwenda Misa kila siku kama wanakijiji wengine, na kuwaeleza watoto wa parokia maswali na majibu ya katekisimu.

Heshima haikumkinga na huzuni. Mwaka 1814 mwana wake Flaminio alikufa angali kijana. Volta alilia kama baba yeyote aliavyo.

BARUA YA MWAKA 1815

Siku zile kasisi mmoja wa Como, kanoni Giacomo Ciceri, alimhudumia mgonjwa aliyekaribia kufa na aliyekataa dini. Mgonjwa huyo alidai kwamba wenye elimu hawaamini tena. Kasisi akamtajia Volta. Mgonjwa hakusadiki; alidhani kwamba mtu mkubwa kama yule hushika dini kwa nje tu, kwa kufuata desturi. Kanoni akampelekea Volta habari hiyo.

Volta hakuudhika, wala hakuona kwamba mgonjwa mmoja hastahili kupotezewa wakati. Mwezi wa Januari 1815 alishika kalamu na kuandika ungamo la imani yake. Alishuhudia kwamba aliamini daima Eklezya Katolika ambamo alizaliwa na kulelewa, na kwamba imani hiyo aliishika kwa moyo. Alikiri kwamba hakutenda matendo mema ya kutosha, na kwamba makosa yake yaliweza kuwafanya watu wamdhanie vibaya. Alieleza kwamba imani ni zawadi ya Mungu. Hata hivyo alikuwa amezichunguza sababu zake kwa akili, akisoma vitabu vya walioitetea na vya walioipinga, naye hakuona haya kwa ajili ya Injili.

Hivyo mtu aliyepima nguvu zisizoonekana hakujivuna mbele ya Mungu asiyeonekana. Alijua kwamba chaji haionwi kwa macho, bali hutambulikana kwa matendo yake. Tena alijua kwamba Mungu si nguvu ya kupimwa kwa chombo. Yeye ndiye aliyeziumba nguvu zote na kuziwekea sheria. Kwa sababu hiyo Volta alifanya kazi yake bila hofu: aliyeumba dunia ndiye aliyesema katika Injili, na ukweli wake haupigani na ukweli wake.

MWISHO WAKE

Mwaka 1819 aliacha kufundisha, akakaa kimya pamoja na jamaa yake. Alifariki tarehe 5 Machi 1827, akiwa na miaka 82, akazikwa Camnago karibu na Como. Mwaka 1881 wenye elimu wa nchi nyingi walikutana Paris, wakapatana kwamba volti iwe kipimo cha msukumo wa umeme kwa dunia nzima. Ndivyo jina la mtoto aliyedhaniwa bubu lilivyoingia katika lugha zote.

Mkatekumeni anayejifunza kusoma kwa taabu, na anayeyarudia majibu ya katekisimu jioni baada ya kulima, asijidharau. Maneno yale yale Volta aliwafundisha watoto, naye hakuyaona kuwa madogo kwake. Na siku atakapoambiwa kwamba elimu huiua imani, amkumbuke mzee huyu wa Como, aliyekuwa bingwa darasani na mwanafunzi mbele ya altare.